Mahakama Haina Jeshi

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na sidhani nitaisahau mpaka nizikwe. Siku hiyo nilifunga barabara kwa mawe, mimi na vijana wenzangu, tukiamini kwamba tunapigana na mtu mmoja mwenye gari kubwa. Kumbe tulikuwa tunapigana na mahakama ya juu kabisa ya nchi yetu. Keti nikueleze, na usiniharakishe. Wewe umezoea habari za simu zinazokwisha kabla chai haijapoa. Hii yangu ina mizizi.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimerudi, na kila mwenye ulimi alikuwa mwanasiasa. Mimi nilikuwa msichana wa cherehani mjini Machakos, nikishona sare za shule mchana na kubishana siasa mpaka uzi unanikatikia. Mtu wangu alikuwa Mwalimu Masila. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye suruali moja ya heshima niliyomshonea mwenyewe. Alipogombea ubunge huku kwetu vilimani nilimfuata kila mkutano. Hakutugawia sukari wala leso. Alituzungumzia maji na barabara tu, na watu wakampenda hivyo hivyo alivyo.

Siku ya kura tulilala tumeshinda, tukaamka tumeshindwa. Kuna masanduku yaliyopotea njiani yakipelekwa mjini, na yalipoonekana yalikuwa yamenenepa. Aliyetangazwa mshindi ni yule tuliyezoea kumwita Mheshimiwa, kwa sababu kiti kilikuwa chake tangu zamani. Jina lake silitaji. Ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa.

Mwalimu Masila hakupiga kelele. Alienda kortini. Nawe ufahamu jinsi mambo yalivyokuwa: kesi ya uchaguzi ilianzia kwa jaji mmoja, na asiyeridhika alipanda mpaka Mahakama ya Rufaa. Siku hizo hiyo ndiyo iliyokuwa kileleni. Hii Mahakama ya Juu mnayoisikia leo ilikuwa bado haijazaliwa. Majaji watatu wa rufaa wakishasema, hakuna pengine pa kupeleka shauri lako isipokuwa kwa Mungu. Watu hao watatu waliweza kumtoa mbunge kitini kwa kusoma karatasi, mbunge ambaye huku kwetu hata chifu alimwogopa kumtazama usoni. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka. Sikuamini kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Sasa sikiliza tulivyoanguka, maana ni mwanguko ambao Mkamba peke yake ndiye angeupata. Wakili wetu alitukabidhi karatasi za kesi akasema zimfikie Mheshimiwa. Kazi hiyo aliichukua Mzee Muindi, baba mdogo wake Mwalimu, mzee wa ukoo. Kwetu shauri zito halitupiwi mtu njiani kama mfupa. Linapelekwa thome, pale mbele ya boma wanapoketi wazee wa kiume, nalo hukabidhiwa baba. Baba akilipokea, mwana amelipokea, na ukoo wote umelipokea. Basi Mzee Muindi alivaa koti lake, akaenda mpaka kwa Mzee Kimeu, baba yake Mheshimiwa. Wakanywa uji, wakazungumza habari za mvua, kisha akamwekea zile karatasi mikononi.

Alirudi akiwa na furaha ya mtu aliyetimiza jambo. "Tumekosana na hao watu, sawa," alituambia, "lakini sisi si watu wa kushika mtu shati barabarani. Nimeenda kwa baba yake, na amepokea vizuri."

Tulimpongeza. Hata mimi nilimpongeza.

Kortini wakili wa Mheshimiwa alisimama akasema sheria inataka karatasi ziwekwe mkononi mwa mshtakiwa mwenyewe. Si mkononi mwa baba yake, wala wa mke, wala wa mlinzi wa lango. Mheshimiwa naye akaapa kwamba hakuziona kamwe, na siku za kuzipeleka upya zilikuwa zimekwisha. Jaji wa kwanza akaitupa kesi kabla sanduku hata moja halijatajwa. Tukapanda rufaa. Siku ya hukumu nilikwenda Nairobi pamoja na Mwalimu, nimevaa viatu vya dada yangu. Majaji watatu wakaingia, tukasimama. Wakasoma Kiingereza kirefu ambacho nilikuwa nikikiokota neno moja hapa na moja pale, lakini nilipoona uso wa wakili wetu nilijua. Rufaa imetupwa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepigiwa kura nyingi. Thome ya Mzee Kimeu, pamoja na uji wake na heshima zake zote, haikuwa kitu mbele ya sheria.

Mwalimu Masila alisimama akawainamia wale majaji kabla ya kutoka. Nakwambia kweli, kuinama kule kuliniuma kuliko hukumu yenyewe. Niliona amekuwa mnyonge, na mimi sikuwa tayari kumfuata mnyonge.

Jumamosi iliyofuata Mheshimiwa aliandaa sherehe sokoni. Fahali alichinjwa, vipaza sauti vikaletwa. Barabara ya kuingia sokoni kwetu inapita penye kona, upande mmoja mlima na upande wa pili matuta ya mashamba yanayoteremka mpaka mtoni. Nilikusanya vijana, asubuhi kweupe, tukabeba mawe tukaifunga kona ile mpaka hata baiskeli isipite. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni na sauti imenikauka kwa kuimba. Tulikuwa tumeamua: gari lake likisimama hapo, halitaondoka zima. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini mwambie hivyo kijana mwenye jiwe mkononi uone kama atakusikia.

Kabla ya magari, alikuja mtu kwa miguu kutoka upande wa pili. Ni Mzee Kimeu mwenyewe, na fimbo yake, amevaa kofia ya kwenda kanisani. Tulidhani ametumwa na mwanawe atubembeleze. Vijana wakaanza kunung'unika. Mzee akasimama mbele ya mawe akatutazama mmoja mmoja.

"Nilikuwa naenda kwa Mwalimu," akasema. "Lakini kwa vile nyinyi wote ni watu wake, wacha niseme hapa. Hizo karatasi nilipewa na Muindi. Na mimi nilipeana kwa kijana yangu, kwa hii mkono. Alisoma mbele yangu, akaweka kwa mfuko. Sasa nasikia ameapa hakuona. Thome yangu haijawahi kuitwa ya uwongo tangu babu yangu. Nimeona aibu kubwa sana."

Mwanangu, ungewasikia vijana siku ile. Mmoja alitaka Mheshimiwa apelekwe akale kithitu, kile kiapo chetu cha zamani ambacho mwongo hakimwachi hai. Mwingine alikuwa tayari kukimbia Nairobi na mzee mgongoni. Mimi machozi yalinitoka kwa furaha, nikaona sasa tumepata ushahidi, tumepona.

Mwalimu Masila alifika wakati huo, ameitwa na mtu aliyetuona tukibeba mawe. Nilimkimbilia nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akamwendea Mzee Kimeu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akanigeukia.

"Twende kortini na Mzee," nikamwambia. "Leo leo."

"Korti gani?"

"Ile ya juu."

"Ile ya juu imeshamaliza, Mumbua. Hakuna ingine juu yake. Hapo ndio mwisho wa ngazi."

"Lakini ukweli ndio huu umekuja!"

"Umekuja. Umechelewa, lakini umekuja, na mimi nashukuru." Akayatazama mawe. "Sasa niambie. Hizi mawe umewekea nani?"

"Mheshimiwa."

"Hapana. Mheshimiwa ako na gari ingine nyumbani. Hizi umewekea ile mahakama."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mahakama iliyomwibia haina haki ya kuheshimiwa, na kwamba yeye alipowainamia wale majaji alituinamisha sisi sote. Hakuna aliyewahi kusema na Mwalimu namna hiyo. Hakupandisha sauti hata kidogo, lakini nilimwona taya likimcheza, na nikajua kwamba yule mtu hakuwa mnyonge kamwe. Alikuwa amejizuia tangu Nairobi.

"Unakumbuka wale mama wa nyanya?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Kila mtu alikumbuka. Kulikuwa na akina mama waliotakiwa kufukuzwa sokoni ili tajiri mmoja ajenge, na jaji akaandika kwamba wasiguswe. Askari walikuja na marungu, wakaonyeshwa karatasi ya jaji, wakarudi nyuma.

"Nani alirudisha wale askari?" akaendelea. "Jaji hakuwa hapo. Alikuwa ofisini kwake akikunywa chai. Mahakama haina jeshi, Mumbua. Haina bunduki hata moja, haina hata fimbo. Iko na wazee wachache wa miwani na karatasi. Nguvu yake yote ni hii: ikisema, sisi tunatii, na mkubwa anatii kwa sababu anaona sisi sote tunatii. Leo imekosea. Mimi nasema imekosea, nitasema kanisani, nitasema sokoni, nitasema hata mbele yao wakiniita. Lakini nikiivunja leo kwa sababu imeniumiza mimi, kesho ikimwambia mkubwa aache shamba ya mjane, huyo mkubwa atauliza, kwani Masila alitii? Na wewe utamjibu nini?"

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi. Akainama akaanza kuondoa mawe.

Alikuwa na miaka karibu sitini. Alibeba jiwe la kwanza, la pili, la tatu, sisi tumesimama tunamtazama kama ng'ombe walionyeshewa. Kisha Mzee Kimeu akaitua fimbo yake, naye akainama. Mzee wa fimbo, mwanangu, anabeba jiwe. Hapo mimi nilishindwa. Nilianza kubeba huku nalia, na vijana wakafuata, wengine wakitukana chini kwa chini. Tulikuwa bado tunabeba ya mwisho magari yalipotokea, muziki juu, matawi yamefungwa mbele. Yalipunguza mwendo kupita katikati yetu. Mheshimiwa alikuwa ameshusha kioo akipunga mkono. Akamwona baba yake, na jiwe kifuani. Mkono ukashuka, kioo kikapanda, na gari likapita.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo watu huutumia kumfariji aliyeshindwa ili aende akalale, na Mwalimu Masila hakwenda kulala. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alizunguka miaka mitano, kutoka huku mpaka Kivaa kwa wakulima wa Masinga, akieleza habari ya neno moja la sheria: mkononi. Aliwaeleza wazee kwamba thome yao haijulikani kortini, wakakasirika, naye akawaambia hasira hiyo waipeleke kwa wanaotunga sheria. Watu wa kukusanya maoni ya katiba walipokuja Machakos, alisimama ukumbini akawaambia sheria inayomwezesha mtu kuponyoka kesi kwa kuficha mkono ni sheria mbovu, na majaji wanaoifuata bila kutazama haki wamekosea. Aliyasema hayo waziwazi, jina lake limeandikwa. Huko hakuinama.

Uchaguzi uliofuata alishinda, na safari hii hakuna sanduku lililonenepa njiani. Nilicheza barabarani mpaka nikapoteza kiatu. Lakini furaha ilikuwa haijapoa tuliposikia kwamba Mheshimiwa wa zamani anakwenda kortini kuipinga kura. Akadai watu wetu walihonga. Na sheria, mwanangu, ilikuwa bado ni ile ile. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema kwa kinywa chake kwamba karatasi lazima ziingie mkononi mwa mwenyewe, na ziingie ndani ya siku zilizowekwa. Zikipita siku hizo, kesi imekufa.

Waliomzunguka Mwalimu waliona mlango umefunguka. Ajifiche tu. Aende kwa jamaa zake Kivaa, simu azime, ale muthokoi na nyama ya mbuzi mpaka siku zipite. Nani angemlaumu? Waliomfanyia hivyo ni wao. Hata Mzee Muindi, ambaye hukumu ile ilikuwa imemzeesha kwa huzuni, alisema sasa waonje dawa yao. Nami nilikwenda nyumbani kwake asubuhi kumwambia gari liko tayari. Nilikuwa nimeshamfungia nguo.

Nilimkuta anakunywa chai. Nilimweleza mpango, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana wa kuleta karatasi," akauliza, "amenitafuta mara ngapi?"

"Jana alikuja langoni hapa, leo asubuhi amekuja tena. Tumemwambia hatujui uko wapi."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema. Akamaliza chai yake. "Kama nilishinda, wacha waangalie. Kama sikushinda, sitaki hicho kiti. Hiyo gari iko tayari?"

"Iko tayari, Mwalimu."

"Basi twende."

Nikafurahi. Lakini tulipofika barabara kuu akamwambia dereva ashike njia ya mjini. Tukaingia Machakos, tukasimama chini ya jengo moja la ghorofa. Akapanda ngazi polepole kwa sababu magoti yalikuwa yamechoka, mimi nyuma yake bado nimeshika ule mfuko wa nguo. Ilikuwa ofisi ya wakili wa Mheshimiwa wa zamani. Wakili alikuwa kijana, alipomwona akasimama wima na midomo ikabaki wazi.

"Mheshimiwa! Umekuja... nikusaidie na nini?"

"Nasikia mnanitafuta," Mwalimu akasema. "Nimeleta mkono."

Akaunyoosha. Yule kijana alitafuta karatasi juu ya meza, akaziangusha, akaziokota. Akazitia mkononi mwa Mwalimu Masila. Mwalimu akauliza anapaswa kutia sahihi wapi, akatia, akamshukuru, tukashuka.

Utaniuliza kesi ilikwishaje. Ilisikizwa yote, masanduku yakafunguliwa, mashahidi wakaulizwa, mimi mwenyewe nikaulizwa kuhusu leso ambazo hatukugawa. Ilipanda mpaka kule juu kwa majaji watatu, nao wakasema kiti ni cha Masila. Jioni ile Mheshimiwa wa zamani alisimama sokoni mbele ya watu wake, ambao walikuwa wengi na wamelewa hasira, akawaambia waende nyumbani. Hakusema kwa nini. Wakaenda. Hakuna jiwe lililotupwa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakuambia kwa sababu naona nyinyi vijana wa leo mna simu ya kupiga kelele na miguu ya kuandamana, na sikatai, tumieni. Mahakama ya juu ikikosea, sema imekosea. Sema kwa sauti, andika, simama ukumbini, badilisha sheria, chagua watu wengine, rudi tena hata ukiwa na mvi. Kutii si kunyamaza. Lakini usiibomoe nyumba hiyo kwa sababu siku moja ilikufungia mlango. Mkubwa ana pesa, ana walinzi, ana marafiki. Mnyonge ana mahali pamoja tu ambapo mkubwa anaweza kuambiwa hapana naye akakoma, na mahali hapo panasimama kwa sababu mimi na wewe tumekubali pasimame. Na itakapokuja zamu yako ya kutafutwa na sheria, usitafute kichaka. Mtu anayeidai haki na kuukwepa wajibu ni yule yule Mheshimiwa, amebadilisha shati tu. Nimewaona wengi wa namna hiyo, hata katika chama changu, na sitaki kukuona miongoni mwao.

Nenda sasa, una safari. Mungu akupe moyo wa kushindwa bila kuvunjika na wa kushinda bila kudharau. Mvua ikukute umeshapanda. Kinywa chako kisikose ujasiri wa kumwambia mwenye nguvu amekosea, na usione haya kusimama mbele ya watu na kujibu kwa jina lako. Wazee waliokutangulia wakuweke kifuani, nami niko nyuma yako, maadamu napumua.